Ufa Ambao Mzee Okello Hakuuona

Siku mliyoniaga pale chuoni mlinipa kipaza sauti, na mimi niliyekula kwa kusema miaka yote hiyo nikakosa la kusema. Nilishukuru, nikakata keki, nikaketi. Nilipokuwa natoka, mwalimu mmoja kijana aliyeajiriwa majuzi alinifuata hadi getini akaniuliza, "Madam Wambui, wanafunzi ni wengi na makampuni yanawataka jana. Mtu anaanzia wapi?" Nilimwambia nitamjibu. Jibu lake ndilo hili, na ninaogopa ni refu kuliko alivyotaka.

Vyeo sitaviandika. Vilikuwa vichache, vikachelewa, na havikunifundisha kitu. Nitawaandikia habari za mtu aliyenifundisha kazi, kwa sababu wengi wenu mlimkuta Mzee Okello akiwa kipofu anayeshikwa mkono kutoka getini hadi karakanani, na baadhi yenu mlidhani chuo kilimwajiri kwa huruma.

Mimi nilianza na vyuma katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Kazi yangu ilikuwa kupaka mashine grisi na kubadilisha mikanda iliyolegea. Kelele ya mashine za kufuma ni ya kumfanya mtu asahau jina lake, kwa hivyo tulijifunza kusikia kwa kiganja: unaweka mkono ubavuni mwa mashine na kujua beringi ipi imeanza kuchoka. Kiwanda kilipopunguza watu, nami nilipunguzwa. Nikaona tangazo la mafunzo ya ufundi wa ndege, limeandikwa chini kabisa kwamba wasichana wanahimizwa. Ndege niliyoijua mimi ni ile inayopita juu ya mashamba ya mananasi ikienda zake. Mama yangu aliuliza swali moja tu: "Na ikianguka, watakuja kukuuliza wewe?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa sijui kazi bado.

Baada ya masomo niliajiriwa na kampuni moja ya ndege ndogo jijini. Nilikuwa nimepanga chumba Ruiru, na kila alfajiri nilitoka na ovaroli mpya iliyopigwa pasi kama ya harusi. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa mkaguzi. Kwa asiyejua kazi yetu: fundi hufungua, hutengeneza na hufunga, mkaguzi huja kuangalia alichofanya fundi, na akiridhika hupiga muhuri wake. Bila muhuri huo ndege hairuki, hata rubani awe ameshavaa miwani yake ya jua.

Mkaguzi huyo alikuwa Mzee Okello. Mtu mrefu, wa kutoka Siaya, viatu vyake viking'aa katika banda ambalo sakafu yake ilikuwa mafuta matupu. Shingoni alining'iniza tochi, na mfukoni alikuwa na kioo kidogo chenye mkono mrefu, kama cha daktari wa meno, cha kuangalia nyuma ya vitu.

"Unaitwa nani?"

"Wambui, Mzee."

"Umekuja kutengeneza ndege?"

"Ndio, Mzee."

"Basi chukua ufagio."

Nilifagia lile banda wiki baada ya wiki. Moyoni nilisema ni kwa sababu mimi ni msichana. Lakini kila nilipomaliza alikuja kuchutama kando ya takataka zangu, akazipekua kwa kidole, akainua kipete cha chuma kinachokaa chini ya bolti. "Hii washa imetoka kwa ndege gani?" Sijui, Mzee. "Na huyu aliyeipoteza, ameweka nini mahali pake?" Hapo ndipo tulipokuwa tunaanza kuzunguka banda zima, ndege moja baada ya nyingine, hadi tupate bolti iliyokaa bila washa. Siku tulipoipata, chini ya kiti cha rubani, hakunisifu. Alisema tu, "Kesho tena utafagia." Nikafagia, na nikaacha kulalamika.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliniita nyathina, yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, hata alipokuwa anaharibu kazi yangu. Kuna ule waya mwembamba tunaosokota kuunganisha bolti moja na nyingine ili zisijifungue zikitetemeka. Mnaujua, umewatoboa vidole. Kila nilipomaliza kuusokota alikuwa anautazama, anatoa koleo mfukoni, anaukata, anauacha uanguke. "Umevuta upande wa kufungua. Rudia." Nilirudia mpaka vidole vikaota sugu. Halafu siku moja alitazama, akaenda zake bila kutoa koleo. Hiyo ndiyo sifa niliyopata mwaka ule.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi pamoja kwa miaka. Niliposimama upande wa kulia wa injini yeye alikuwa kushoto. Nilimwamini kama mtu anavyoamini kwamba asubuhi jua litatoka.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kawaida hadi wakati wa chakula. Kulikuwa na ndege iliyotakiwa kuondoka alasiri kupeleka madaktari na dawa kaskazini. Tulikuwa tumeifanyia ukaguzi wa injini. Mzee alikuwa ameshapita, ameangalia fremu ya chuma inayoshikilia injini, na muhuri wake ulikuwa umekauka. Mimi nilibaki kufunga mfuniko. Nilipokuwa nikifuta tone la mafuta kwa kitambaa, nikaona kitu kama unywele kwenye kiungo kilichochomelewa, chini kidogo, upande wa ndani. Nikafuta. Hakikutoka. Nikafuta tena kwa nguvu.

Mzee alikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta, anakula chapati na maharagwe.

"Mzee, kuna kitu sikielewi kwa fremu ya injini."

Hakuuliza kama nina hakika. Alifunika sahani yake, akaja. Aliwasha tochi, akaingiza kioo, akatazama muda mrefu sana.

"Ni rangi imekwaruzwa, nyathina."

"Mimi naona kama ni ufa, Mzee."

"Wapi?"

Nikanyoosha kidole. Nikaona mwanga wa tochi yake umetua pembeni, si pale nilipoonyesha. Nikasogeza kidole karibu zaidi. Mwanga ulihama, ukapita juu ya ule mstari bila kusimama. Nikashusha kidole.

Nataka mjue jinsi ilivyo, kwa sababu nanyi yatawapata. Huyu ndiye aliyenifundisha kuona. Muhuri wake ulikuwa umeshapigwa. Rubani alikuwa kwenye kibanda cha chai, madaktari walikuwa njiani. Na mimi nilikuwa na kila sababu ya kusema, sawa Mzee, ni rangi. Maneno hayo yalinifika ulimini. Badala yake nikasema, "Tupake dawa, basi tuwe na hakika."

Dawa ile mnaijua. Unasafisha chuma, unapaka rangi nyekundu inayopenya kwenye ufa wowote, unangoja, unafuta mpaka chuma kionekane safi, halafu unapulizia unga mweupe. Kama hakuna ufa, unga unabaki mweupe. Tulisimama pale sisi wawili tukingoja. Unga ulikauka. Kisha polepole ukatokea mstari mwekundu, mwembamba, umejipinda kufuata kiungo, ukakua mrefu kuliko hata nilivyokuwa nimeuona mwenyewe.

Mzee Okello aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma.

"Sasa nauona," alisema. Akainua kichwa. "Wewe uliuona bila dawa?"

"Ndio, Mzee."

"Ukiwa umesimama wapi?"

"Hapa tu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la ovaroli, akaivaa tena, akautazama tena ule mstari. Kisha akazima tochi.

"Nenda kwa meneja umwambie."

"Mimi? Mzee, si uende wewe. Sema tumeuona pamoja."

"Hatukuuona pamoja. Nitakuja nyuma yako, lakini utasema wewe. Ukinyamaza leo kwa kuniheshimu mimi, kesho utanyamaza kwa kumwogopa mwingine. Enda."

Nilikwenda. Meneja wetu alikuwa mtu wa simu mbili, moja kila sikio, na nilipomwambia kwamba ndege haiwezi kuondoka alinitazama kama aliyesikia kiti kikiongea.

"Okello amepiga muhuri. Wewe ni nani?"

Mzee alikuwa mlangoni. "Huyu ndiye aliyeona," alisema. "Mimi sikuona. Niliangalia mara mbili na sikuona." Akaingia, akatoa muhuri wake mfukoni, akauweka juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Wapangie madaktari ndege nyingine."

Meneja, nampa haki yake, aliweka simu chini zote mbili. "Okello, chukua likizo. Nunua miwani nyingine, urudi."

"Nimeshanunua nyingine. Hii ni ya pili tangu Krismasi."

Ilikuwa ni presha ya macho. Daktari alimwambia imekuwa ikimla polepole kutoka pembeni kuja katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Yeye mwenyewe alikuwa akidhani ni uzee na taa mbaya za banda. Aliaga bila keki. Alipeana mikono na kila mtu, hata yule mlinzi wa geti, na alipofika kwangu alinishika kwa mikono yote miwili, nami nikaenda kulia chooni kama mtoto.

Wenzangu hawakunisamehe upesi. "Msichana wa juzi amemmaliza mzee wa watu," walisema, na si kwa kunong'ona. Kuna fundi mmoja aliyekuwa akinigawia chai kutoka chupa yake, aliacha. Niliendelea kwenda kazini. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na pia ndege hazijali nani ananuniwa na nani.

Miaka ilipita. Ndege ziliongezeka kuliko watu wa kuzitunza. Kampuni mpya ziliota kama uyoga baada ya mvua, na mafundi wazuri walichukuliwa na nchi za mbali. Chuo kilipoanzishwa huku kwetu nilikubali kufundisha, maana nyumba yetu ilikuwa Ngoingwa, pale Thika, na nilikuwa nimechoka kuamka kabla ya majogoo. Karakana yetu ya kwanza ilikuwa godauni Thika iliyonuka sabuni. Tulipohamia Ruiru tulinunua mzoga wa ndege wa kufundishia, ukaletwa juu ya lori bila mabawa. Watu walijaa barabarani wakipiga picha. Bwana mmoja wa bodaboda aliniuliza kwa huzuni ya kweli kama kuna waliopona.

Wanafunzi walikuwa hodari. Sisemi hivyo kwa adabu. Vidole vyao vilikuwa vyepesi kuliko vyangu, na jambo nililochukua mwezi kulielewa wao waliliona kwenye simu wakati wa mapumziko. Lakini kulikuwa na neno lililoninyima raha. Namtuma mtu akague bawa, anarudi kabla sijageuka. "Umeona nini?" "Iko sawa, Madam." "Sawa vipi?" "Iko fiti tu." Na makampuni yalikuwa getini. Yalikuja na magari safi yakisema, tupeni hata hawa ambao hawajamaliza, watamalizia kwetu. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema, naye alikuwa akitaka kuwaridhisha. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwaza: tunatoa mafundi au tunatoa mikono?

Basi siku moja, katika soko la Ruiru, nilikutana na Akinyi, binti wa Mzee Okello. Ni nesi, na alikuwa amepanga ghorofa si mbali na stesheni ya treni. Nikamuuliza habari za baba yake, nikitegemea kuambiwa yuko Siaya.

"Niko naye hapa. Haoni kabisa sasa. Anakaa na redio asubuhi mpaka jioni, hata mechi ambazo hazimhusu anasikiliza." Akaniangalia. "Anakutaja, Madam. Njoo umwone."

Niliahirisha kwenda, halafu nikajilazimisha. Alikuwa kwenye kochi, amevaa shati lenye kola, viatu viking'aa. Nilisema hodi tu.

"Wambui," akasema. "Bado unasokota waya vibaya?"

Nilicheka, nikaketi kando yake. Tulikunywa chai. Nikamweleza habari za chuo, za wanafunzi, za lile neno "sawa". Alisikiliza bila kuingilia. Nilipomwambia nilichokuja kuomba, aliweka kikombe chini.

"Kipofu afundishe ukaguzi? Watatucheka, nyathina. Watakucheka wewe kwanza."

"Wacha wacheke. Hawajui kueleza wanachokiona, Mzee. Wakiwa na mimi hawaelezi kwa sababu wanajua mimi pia naona."

Alizungusha kikombe mezani. Kisha akauliza, "Hiyo ndege yenu ina injini?"

"Iko nayo, lakini haiwaki."

"Vizuri. Hata mimi siwaki."

Mkuu wa chuo alikubali kwa majaribio. Siku ya kwanza nilimshika mkono nikampeleka mbele ya darasa. Kulikuwa na kijana mmoja, Kevin Mwangi, wote wakimwita Kevo, mtoto wa fundi wa magari hapa Ruiru, mwenye mikono mizuri kuliko wote na mdomo mrefu kuliko wote. Hakungoja hata tukae.

"Madam, samahani, lakini kwani huyu buda haoni? Sasa atatufunza aje?"

Darasa likacheka kidogo, kisha likaacha. Mzee aligeukia sauti ilipotoka.

"Ni kweli, sioni. Unaitwa nani?"

"Kevo."

"Kevo, nenda kwenye gurudumu la kushoto la hiyo ndege uniambie unaona nini."

Kevo alienda, akarudi. "Iko sawa, Mzee."

"Sawa ni rangi gani?"

"Pardon?"

"Mimi sijui sawa. Sijawahi kuishika. Niambie kitu nitakachokiona."

Kevo akarudi kwenye gurudumu. Safari hii alisema tairi limeisha upande wa nje. Mzee akauliza limeisha kiasi gani, na upande wa ndani je. Akarudi tena. Mzee akauliza habari za bolti, ipi imekaa vipi, kuna kutu, kutu ya rangi gani, inatoka kwa kidole au haitoki. Kevo alienda na kurudi mpaka jasho likamtoka na wenzake wakaacha kucheka wakaanza kumsaidia kutazama. Mwisho wa kipindi Mzee alisema, "Sasa naona gurudumu. Asanteni." Kevo alitoka nje akasema kwa sauti niliyoisikia dirishani, "Huyo mzee ni noma."

Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa na somo lingine. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ndege, nao walimletea maneno, naye aliyakataa mpaka yakawa ya kweli. Aliwafundisha pia kuacha kuamini macho pekee: wapitishe kitambaa, waguse, wanuse mafuta. Niliona jinsi wanafunzi walivyoanza kukagua polepole. Makampuni yalilalamika kwamba tunachelewa. Mkuu aliniita ofisini. Nikamwambia achague mwenyewe atakayewaeleza ndugu za abiria siku ndege ikianguka. Kwa muda alininunia, lakini hakumfukuza mzee.

Kevo alipofika mwaka wa mwisho alipelekwa kwa mafunzo ya kazini katika kampuni moja, sitaitaja. Asubuhi moja nikiwa karakanani na Mzee, simu yangu ililia. Kevo alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Madam, Mzee yuko? Nipee yeye, haki."

Nikaweka simu kwa sauti kubwa. Alikuwa amepewa kazi ya kufunga sakafu ya ndege baada ya wengine kumaliza. Chini ya sakafu hupita kebo, ile kamba ya nyuzi za chuma inayotoka kwenye kanyagio miguuni mwa rubani hadi usukani wa mkiani. Alikuwa amepitisha kitambaa kabla ya kufunga, na kitambaa kilikuwa kimenasa.

"Msimamizi anasema ni uchafu, nifunge tu. Ndege inatoka saa hii."

"Kimenasa wapi?" Mzee aliuliza.

"Pale kebo inazunguka kile kigurudumu."

"Kimenasa ukienda mbele, au ukirudi?"

"Zote."

"Kimeacha nyuzi?"

"Eeh. Nyuzi za kitambaa zimebaki kwa kebo."

"Uchafu hauchani kitambaa. Ukiangalia kwa macho unaona nini?"

"Sioni kitu, Mzee. Kebo inakaa tu poa."

Mzee alifumba macho yake yasiyoona. "Wenye ndege wailegeze kebo na kuikunja mahali hapo. Ikiwa imekatika ndani, ikikunjwa itafunguka. Sasa nisikilize. Mimi siko hapo na muhuri sina. Anayejua ni wewe. Unajua nini?"

Nyuma yake tulisikia mtu akimwita kwa ukali.

"Najua sifai kufunga," Kevo akasema.

"Basi usifunge."

Simu ikakatika. Jioni Kevo alikuja chuoni na begi lake. Alikuwa ameweka bisibisi chini mbele ya watu, akakataa. Msimamizi alimwambia aende akawe mwalimu wa Sunday school. Alikaa kwenye benchi la karakana, macho mekundu. "Nimeharibu, Madam. Baba aliuza gari yake ya kazi ndio nisome." Mzee Okello alipapasa hewani mpaka akampata bega, akakaa kando yake, na wakakaa hivyo mpaka watu wa usafi wakaja kufunga.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kevo alisaidia baba yake gereji, hakuja darasani. Kampuni ile ilikuwa imempigia mkuu simu kusema tunawafundisha watoto kiburi. Kisha likaja gari getini, na ndani yake mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, mama mmoja wa makamo, peke yake. Hakuomba chai. Alitueleza kwamba baada ya Kevo kufukuzwa, fundi mwingine aliingiwa na wasiwasi kabla ndege haijaondoka, akamwita yeye. Wakailegeza ile kebo, wakaikunja. Ilifunguka kama ua. Nyuzi zilizobaki zikiishikilia zilikuwa chache mno.

"Yuko wapi kijana?" aliuliza.

Tulimpeleka gereji. Kevo alitoka chini ya gari akiwa na uso mweusi kwa mafuta. Yule mama alimwomba radhi mbele ya baba yake na wateja, akamwambia nafasi yake iko wazi. Baba yake alishika spana bila kuiinua wala kuiweka chini. Kevo alishukuru, kisha akasema atarudi, lakini akimaliza chuo kwanza. Kuna vipindi vya Mzee alivyokuwa ameanza kuvikosa.

Mzee Okello hakumwona Kevo akimaliza, kwa maana zote mbili za neno hilo. Alilala msimu wa mvua ndefu, akiwa nyumbani kwa Akinyi, mapafu yakiwa yamemshinda. Basi la chuo lilikwenda Siaya limejaa. Kando ya kaburi mkuu wa chuo alitaka kusoma wasifu, akashindwa katikati, akanipa mimi, nami nikaumalizia kwa shida. Akinyi alinishika mkono. Aliniambia kwamba baba yake, siku alipoacha muhuri, alifika nyumbani akasema, "Leo nimejua kwamba nilifundisha mtu." Hakuwahi kuniambia mwenyewe. Niliyabeba maneno hayo kutoka Siaya hadi Thika nikitazama dirishani, nikijifanya nimelala.

Kevo alimaliza, akafanya kazi chini ya wengine kwa miaka inayotakiwa, akafanya mitihani, akapata leseni. Ilikuwa karibu na mwisho wangu chuoni aliponipigia simu mchana mmoja. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Madam, leo ndio mara yangu ya kwanza kusaini ndege. Nimeikagua yote. Haina shida. Lakini nimesimama hapa na kalamu, mkono haukubali."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Kuna watu wangapi ndani?"

"Imejaa. Kuna mama na mtoto mchanga."

"Basi ni vizuri unaogopa," nikamwambia. "Kagua tena kutoka mwanzo. Ukimaliza, saini, halafu simama nje uiangalie ikiondoka. Usiingie ofisini. Simama uangalie."

Nilibaki karakanani Ruiru, nikasahihisha kazi za wanafunzi bila kuelewa nilichokuwa nasoma. Waliniuliza maswali nikawajibu hovyo. Jioni, nilipokuwa nafunga mlango, simu ilitoa mlio. Kevo alikuwa ameandika maneno mawili.

"Imetua, Madam."